Nguvu na Utando: Historia ya Kuchagua Aloi za Titani

Sifa mbili zilizoipa metali ya titani heshima katika uhandisi wa karne ya 20, yaani nguvu yake ikilinganishwa na uzito wake na uwezo wake wa kutoliwa na maji ya chumvi, hazitoki mahali pamoja. Uwezo wa kutoliwa hutoka juu, kwenye utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, ambao hujijenga mara titani inapokutana na hewa au maji na hujiziba wenyewe unapokwaruzwa. Nguvu hutoka ndani, katika mpangilio wa atomi na katika elementi zilizochanganywa humo kwa makusudi au zilizoingia bila kutakiwa. Kwa kuwa vyanzo ni viwili, kila hatua ya kuongeza nguvu iliweza kuuathiri utando huo au, jambo ambalo wataalamu walichelewa kulitambua, kuufanya mwili wa metali uwe mwepesi kupasuka pale utando unapovunjika. Historia ya aloi za titani tangu miaka ya 1940 ni historia ya kujifunza uhusiano huo, na sehemu kubwa ya mafunzo yenyewe ilipatikana baada ya vyombo kupasuka.

Elementi yenyewe ilitambuliwa mwaka 1791 na William Gregor, kasisi wa Cornwall huko Uingereza aliyekuwa akichunguza mchanga mweusi wa bonde la Manaccan, na mwaka 1795 mwanakemia Martin Heinrich Klaproth wa Berlin akaikuta tena katika madini ya rutile na kuipa jina inaloitwa hadi leo. Madini yake si adimu: ilmenite, ambayo ni oksidi ya chuma na titani, pamoja na rutile, hupatikana katika mchanga wa pwani nyingi duniani, ukiwemo ule wa Kwale nchini Kenya uliochimbwa kuanzia mwaka 2013 hadi Desemba 2024 na kusafirishwa kupitia Likoni. Sehemu kubwa ya madini ya aina hiyo huishia katika rangi nyeupe ya kupaka, na ni kiasi kidogo tu kinachogeuzwa kuwa metali, kwa sababu titani hushikamana na oksijeni kwa nguvu kiasi kwamba kuitenganisha ni kazi ya gharama. Mwaka 1910 Matthew Hunter, akifanya kazi katika chuo cha Rensselaer jimboni New York, alipata titani safi kwa asilimia 99.9 kwa kupasha kloridi ya titani pamoja na sodiamu ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa. Katika miaka ya 1930 William Kroll wa Luxembourg alibuni njia ya kutumia magnesiamu badala ya sodiamu, akahamia Marekani mwaka 1940, na Idara ya Migodi ya nchi hiyo ikaikuza njia yake hadi kampuni ya DuPont ilipoanza kuuza titani kibiashara mwaka 1948.

Zao la njia ya Kroll ni donge lenye vinyweleo vingi ambalo watu wa kazi hii huliita sifongo, na katika sifongo hiyo ndimo swali la nguvu lilipoanzia. Wazalishaji wa mwanzo walitambua kwamba hakuna shehena mbili zilizokuwa na ugumu uleule, na kwamba tofauti ilitokana hasa na oksijeni iliyobaki ndani. Atomi za oksijeni ni ndogo, hujipenyeza katika nafasi zilizo kati ya atomi za titani, na huko huzuia matabaka ya fuwele kuteleza, jambo linaloifanya metali iwe ngumu zaidi lakini pia isiyonyumbuka. Kile kilichoonekana kuwa uchafu kikageuzwa kuwa kipimo, na viwango vya Marekani vya titani isiyo na mchanganyiko vikapangwa katika madaraja manne yanayotofautiana hasa kwa oksijeni na chuma. Daraja la 1 huruhusiwa oksijeni isiyozidi asilimia 0.18 na hutakiwa kuhimili mvutano wa angalau megapaskali 240 kabla ya kukatika, megapaskali moja ikiwa ni sawa na nguvu ya nyutoni moja juu ya kila milimita ya mraba. Daraja la 2 huruhusiwa asilimia 0.25 na hutakiwa kufika 345. Daraja la 4 huruhusiwa asilimia 0.40 na hutakiwa kufika 550. Sehemu ndogo ya asilimia ya oksijeni, kwa hiyo, huweza kuzidisha nguvu mara mbili, huku utando wa juu ukibaki karibu uleule.

Watengenezaji wa ndege za kijeshi, ambao ndio waliokuwa wateja wakuu wa miaka ya 1950, walihitaji nguvu zaidi ya hiyo, na njia ya kuipata ilitegemea tabia ya titani ya kubadili umbo la fuwele zake. Chini ya nyuzi joto 882 za Selsiasi atomi hujipanga katika umbo la pembe sita linaloitwa alfa, na juu ya hapo katika umbo la mchemraba linaloitwa beta. Alumini na oksijeni huipendelea alfa, ilhali vanadi, molibdeni, kromi na chuma huipendelea beta, hivyo mhandisi anayechanganya vizuri huweza kupata metali yenye maumbo yote mawili kwa pamoja na kuirekebisha zaidi kwa kuipasha moto na kuipoza. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950 ilipatikana Marekani aloi yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, ambayo baadaye iliitwa daraja la 5. Nguvu yake ya chini kabisa inayokubalika ni megapaskali 895, zaidi ya mara mbili na nusu ya daraja la 2, ilhali kila sentimita ya ujazo ina uzito wa takribani gramu 4.5 tu dhidi ya gramu 7.8 za chuma cha pua au cha kawaida. Aloi hiyo ilienea haraka katika injini na viunzi vya ndege, na hadi leo ndiyo inayotumika kuliko nyingine zote.

Katika kipindi hichohicho sifa ya pili ya titani ilikuwa ikipimwa katika chumba kingine. Vipande laini, visivyobeba mzigo wowote, vilitumbukizwa baharini kwa miezi na miaka na kutolewa vikiwa na uzito uleule, na kutokana na matokeo hayo ikajengeka imani kwamba titani hailiwi na bahari, awe mtu anazungumzia titani tupu au aloi. Nguvu ilipimwa hewani na ulikaji ulipimwa bila mzigo, na ni wachache waliouliza nini hutokea mzigo na chumvi vinapokutana. Dalili za mapema zilikuwepo. Mwaka 1953 iliripotiwa kwamba titani tupu iliyokuwa chini ya mkazo ilipasuka ndani ya tindikali ya nitriki yenye moshi mwekundu, kimiminika kilichotumika katika makombora. Muda mfupi baadaye, sampuli za aloi zilizokuwa zikivutwa polepole katika joto kali zilianza kuonyesha nyufa, na chanzo kikatambuliwa kuwa ni chumvi ya jasho iliyoachwa na alama za vidole vya watu waliozishika.

Hakuna mahali ambapo chumvi hiyo isiyotazamiwa ilisumbua kama katika viwanda vya Lockheed huko Burbank, California, ambako ndege ya upelelezi ya A-12, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1962, na ndugu yake SR-71 ziliundwa karibu zote kwa titani, ikiwemo aloi ya beta yenye vanadi asilimia 13, kromi asilimia 11 na alumini asilimia 3. Clarence Johnson, mhandisi aliyeongoza kazi hiyo, alieleza baadaye kwamba paneli zilizochomelewa wakati wa kiangazi ziliharibika mapema, ilhali zilizochomelewa wakati wa baridi zilidumu, mpaka ilipogunduliwa kwamba mji wa Burbank uliongeza klorini katika maji yake wakati wa joto ili kuzuia mwani, na maji hayo ndiyo yaliyotumika kuoshea paneli. Kiwanda kikahamia maji yaliyotoneshwa. Boliti nazo zilipoteza vichwa zilipopata moto, na uchunguzi ukaonyesha kwamba spana zilizopakwa kadimi ziliacha chembe za metali hiyo juu ya titani, na chembe hizo zikaila ilipopata joto. Kila spana ya aina hiyo ikaondolewa katika masanduku ya mafundi. Katika visa hivyo vyote utando wa oksidi haukuwa umebadilika, ila mazingira ya joto na mkazo yalikuwa yamevuka mipaka ambayo vipimo vya baharini havikuwahi kuigusa.

Miaka michache baadaye mpango wa Apollo ulipata funzo la aina hiyohiyo kwa daraja la 5 lenyewe. Matangi ya kuhifadhia tetroksidi ya naitrojeni, kimiminika kinachosaidia mafuta ya roketi kuwaka, yalikuwa yamepita majaribio bila tatizo, lakini mwaka 1965 yalianza kupasuka yakiwa yamejazwa kimiminika hichohicho kutoka shehena mpya. Tofauti ilikuwa kwamba shehena mpya ilikuwa safi zaidi: kiasi kidogo cha oksidi ya naitriki kilichokuwemo zamani kama uchafu kilikuwa kimeondolewa, na kumbe ndicho kilichokuwa kikizuia nyufa. Oksidi hiyo ikarudishwa kwa makusudi, kwa kiwango kisichofika asilimia moja, na tatizo likakoma. Kisha, Oktoba 1966, tangi jingine lilipasuka likiwa limejazwa methanoli, ambayo ilichaguliwa kwa majaribio ya shinikizo kwa kudhaniwa kuwa mbadala salama wa mafuta yenye sumu. Maelezo yake yalirudi moja kwa moja kwenye utando: methanoli kavu haina maji, na titani iliyochubuka bila maji wala oksijeni ya kutosha haiwezi kuujenga upya utando wake, kwa hiyo ufa mdogo ulio chini ya mvutano hubaki wazi na kuendelea. Maji kidogo yakiongezwa katika methanoli, hatari hupungua sana.

Pigo lililobadilisha fikra za wataalamu wa bahari lilitokea katika Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani katikati ya miaka ya 1960. B. F. Brown aliamua kutopima vipande laini, akachukua fito zilizochanjwa na kuanzishiwa ufa kwa kupindwa mara nyingi, akazungushia sehemu yenye ufa kikombe cha maji ya chumvi, kisha akaning'iniza uzito kwenye mkono mrefu uliofungwa upande mmoja wa ufito. Aloi yenye alumini asilimia 8, molibdeni asilimia 1 na vanadi asilimia 1, iliyokuwa ikitazamiwa kwa ajili ya ndege ya abiria ya Marekani yenye kasi kuliko sauti, haikuonyesha dosari yoyote ilipokuwa kipande laini baharini, lakini katika jaribio hilo ilikatika baada ya muda mfupi kwa mzigo ulio chini sana ya ule iliouhimili hewani. Siri ilikuwa katika ncha ya ufa. Huko utando huvunjika kila metali inaponyumbuka, maji yaliyonaswa ndani huwa tindikali, haidrojeni huzaliwa na kupenya katika fuwele za alfa, na ufa husonga mbele kabla utando haujawahi kupona. Hali hiyo huitwa mpasuko wa ulikaji chini ya mkazo, yaani ufa unaohitaji vitu viwili kwa pamoja, mzigo na mazingira, na ambao hautokei kimoja kinapokosekana.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wahusika wakuu walikuwa vitu vilevile vilivyokuwa vikitumiwa kuongeza nguvu. Alumini ikizidi takribani asilimia 6, hasa metali inapopozwa polepole, atomi zake hujipanga kwa utaratibu wa kudumu pamoja na titani na kuunda chembe ngumu ambazo hulazimisha mtelezo wote wa fuwele upite katika mistari michache, na mistari hiyo ndiyo inayoupasua utando na kuukaribisha ufa. Oksijeni nyingi hufanya kazi kama hiyo. Dawa, kwa hiyo, ilikuwa kujinyima. Daraja la 5 likapewa toleo lenye oksijeni isiyozidi asilimia 0.13 badala ya 0.20, lenye nguvu pungufu kidogo lakini ukinzani mkubwa zaidi dhidi ya ufa, na toleo hilo leo huitwa daraja la 23. Jeshi la majini nalo lilikuwa limetazamia aloi yenye alumini asilimia 7, niobi asilimia 2 na tantali asilimia 1 kwa ajili ya vyombo vya kina kirefu. Ilipoonekana kwamba hupasuka katika maji ya chumvi, alumini ikashushwa hadi asilimia 6 na molibdeni asilimia 0.8 ikaongezwa. Aloi hiyo iliyorekebishwa ndiyo iliyotengenezewa tufe jipya la kubebea watu la chombo cha utafiti cha Alvin mwaka 1973, likichukua nafasi ya lile la chuma, na kukiwezesha kushuka hadi mita 3,658.

Umoja wa Kisovyeti ulifika mahali palepale kwa njia nyingine, na kwa kipimo ambacho hakuna nchi nyingine iliyothubutu. Taasisi ya Prometey ya Leningrad, iliyohusika na metali za meli, ilikuza aloi za bahari zenye mchanganyiko wa wastani, mfano wake ukiwa ni PT-3V yenye alumini takribani asilimia 4 na vanadi takribani asilimia 2. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya daraja la 5, lakini huchomeleka vizuri katika mabamba manene na huvumilia maji ya chumvi hata ikiwa na mkazo. Uchomeleaji ulikuwa na uzito wake katika uamuzi huo, kwa kuwa titani iliyopata moto hunyonya oksijeni na naitrojeni ya hewa na kiungo huwa dhaifu kama kioo, hivyo kila mshono ulilazimika kufunikwa kwa gesi ya argoni hadi upoe. Kutokana na juhudi hizo nyambizi K-162, iliyoshushwa majini mwaka 1968 huko Severodvinsk, ilifikia kasi ya noti 44.7 ikiwa imezama, na K-278 Komsomolets ilishuka hadi mita 1,020 mwezi Agosti 1984. Komsomolets ilizama Aprili 1989 kwa sababu ya moto uliozuka ndani, wala si kwa kushindwa kwa mwili wake.

Wakati wataalamu wa ndege na nyambizi wakihangaika na nyufa, viwanda vya kemikali vilikuwa na shida ya upande wa pili, kwani vilikuwa na nguvu ya kutosha lakini utando haukutosha. Katika tindikali zinazonyang'anya oksijeni, kama haidrokloriki na salfuriki zikiwa za moto, utando wa titani tupu huyeyuka na metali huliwa kwa kasi. Mwaka 1959 Milton Stern na mwenzake Wissenberg, wakifanya kazi katika kampuni ya Union Carbide, walionyesha kwamba kiasi kidogo sana cha metali ya thamani kikichanganywa katika titani hurahisisha utokaji wa haidrojeni juu ya uso wake, jambo linaloisukuma metali yenyewe kurudi katika hali ya kujijengea utando. Matokeo yake ni daraja la 7, ambalo ni daraja la 2 lililoongezwa paladi kati ya asilimia 0.12 na 0.25, na ambalo nguvu yake inayotakiwa imebaki ileile ya megapaskali 345. Hapa ulikaji ulipunguzwa bila kuigusa nguvu hata kidogo, ila gharama ilipanda kwa sababu paladi huuzwa kwa bei za vito, na ndiyo maana yakafuata madaraja ya nafuu: la 12, lenye nikeli asilimia 0.8 na molibdeni asilimia 0.3, na la 16, lenye paladi chini ya nusu ya ile ya daraja la 7.

Mahali ambapo hoja hizo zilipimwa kwa kilomita nyingi za mabomba ni katika mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, iliyoenea katika nchi za Ghuba tangu miaka ya 1970. Maji ya moto yenye chumvi nyingi yalikuwa yakila mabomba ya shaba na nikeli, hasa palipokuwa na mchanga, salfaidi au mwendo mkali wa maji, na titani ikachukua nafasi katika sehemu zilizoathirika zaidi. Wahandisi hawakuchagua daraja la 5. Bomba la kubadilishana joto halibebi mzigo mkubwa, hivyo titani tupu inayokunjika na kuchomeleka kwa urahisi ilitosha, na kwa kuwa hailiwi, ukuta wake uliweza kufanywa mwembamba hadi milimita 0.5 au 0.7, unene ambao uliifidia bei ya metali. Tahadhari ilibaki katika mianya, kama vile chini ya gasketi au pale bomba linapoingia katika bamba lake, kwa sababu maji yaliyosimama humo katika joto la juu hukosa oksijeni na kuwa tindikali. Titani tupu huanza kuwa hatarini takribani nyuzi 70 au 80 na kuendelea, na sehemu hizo ndizo zilizopewa daraja la 7 au la 12.

Tiba ilileta mizani ya aina nyingine, kwa kuwa mwili wa binadamu ni mazingira ya chumvi na kiungo cha nyonga hubeba mzigo mamilioni ya mara. Vipandikizi vya meno vilivyotokana na kazi ya Per-Ingvar Brånemark huko Göteborg, aliyemhudumia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, viliweza kutengenezwa kwa titani tupu, lakini nyonga zilidai nguvu ya daraja la 5 au la 23. Wasiwasi kuhusu vanadi kutoka katika metali inayosuguliwa ndani ya mwili uliwafanya wataalamu wa Uswisi waweke niobi asilimia 7 mahali pa vanadi, na aloi hiyo ikaanza kutumika hospitalini katika miaka ya 1980 ikiwa na nguvu inayokaribiana sana na ya ile iliyotangulia.

Pengine mfano ulio wazi kuliko yote wa mahali historia hii ilipofika ni mpango wa Marekani wa kuhifadhi taka za nyuklia chini ya mlima wa Yucca, Nevada, ulioombewa kibali mwaka 2008 na baadaye kusimamishwa. Juu ya makontena ya taka zilipangwa kuwekwa ngao za kuzuia matone ya maji na mawe yanayoweza kuanguka. Mabamba yake yalipangwa kuwa ya daraja la 7, kwa sababu maji yenye kemikali ndiyo adui wa bamba, na mihimili yake kuwa ya daraja la 29, ambalo ni aina ya daraja la 23 iliyoongezwa rutheni kidogo kwa kazi ileile ya paladi, kwa sababu mwamba ndio adui wa mhimili. Wabunifu hawakutafuta aloi moja iliyo bora kwa kila jambo. Walikioanisha kila kiungo na hatari yake.

Majedwali ya madaraja yanayotumika leo ni matokeo ya mafunzo hayo, na namba zake hazipandi kama ngazi ya ubora, kwani daraja la 7 si imara kuliko la 5, na daraja la 5 halifai kuliko la 2 katika bomba la maji ya moto ya chumvi. Anayechagua hulazimika kwanza kujua kipi kitakachokiua chombo chake: mzigo peke yake, kemikali peke yake, au vyote viwili vikikutana penye ufa au mwanya. Iwapo ni mzigo, huongeza alumini na vanadi. Iwapo ni kemikali, huongeza paladi au nikeli na hulipa gharama. Na iwapo ni vyote viwili, hukubali kupunguza oksijeni na alumini, yaani kupoteza sehemu ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ili abaki na nguvu itakayodumu majini. Uamuzi huo wa mwisho ndio uliochelewa kuliko yote kukubalika, kwa sababu kipimo kilichouhitaji hakikuwepo mpaka mtu alipouchanja ufito, akaujaza chumvi penye ufa, na kuuning'iniza uzito.